Elimu bila amali: Bi du Coudray, mkunga aliyefundisha nchi nzima kwa mwanasesere

Sisi watu wa pwani tuna usemi kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Tunausema madrasani, tunausema kwenye mikutano ya wazazi, na watoto wetu wanaujua kwa moyo. Lakini pahali ambapo usemi huu unakuwa jambo la uhai na mauti ni chumba cha kujifungulia. Mwanafunzi wa ukunga anaweza kupita mtihani wa karatasi kwa alama za juu kabisa, na bado mikono yake isijue la kufanya mtoto anapozaliwa bila kulia.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na kazi yangu ni ukunga. Kwa sasa niko Githongo, Imenti ya Kati, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nchi ya majani chai na ukungu wa asubuhi. Kazi yangu huku ni kusimamia wanafunzi wa uuguzi na ukunga wanapokuja kujifunza kwa vitendo. Kila kundi jipya huniuliza kwa nini nawarudisha kwenye mwanasesere mara ya tano na ya sita wakati wao wanataka kuingia wodini. Jibu langu ni kuwasimulia maisha ya mwanamke mmoja Mfaransa aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Leo naomba niyasimulie hapa, maana aliloanza yeye linatuhusu pwani kama linavyowahusu watu wa mlimani.

Jina lake kamili ni Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray. Mimi humwita Bi du Coudray, kama tunavyowaita mama zetu wakubwa.

Mkunga wa Paris

Alizaliwa Ufaransa katika muongo wa 1710. Ukunga wakati ule haukuwa na chuo kwa wanawake. Msichana aliyeutaka aliwekwa chini ya mkunga mwenye leseni, akamfuata nyumba kwa nyumba, akamtazama anavyofanya, na baada ya miaka kadhaa akajaribiwa na wapasuaji. Bi du Coudray alipita njia hiyo. Alimaliza miaka mitatu ya kufuata mkunga, akafaulu mtihani, na mwaka 1740 akapata ruhusa ya kufanya kazi jijini Paris.

Njia hiyo ya kujifunza tunaijua vizuri pwani. Wakunga wetu wa jadi walijifunza hivyo, kwa bibi au kwa shangazi, kwa kubeba maji na kushika taa mpaka siku mzee alipochoka na kumwachia kijana kazi. Ina baraka zake. Ina na shida moja kubwa: unajifunza lile tu ambalo limetokea mbele ya macho yako. Kama katika miaka yako mitatu hakuzaliwa mtoto aliyetanguliza mkono, basi siku atakapokuja wa kwanza utakuwa peke yako naye.

Katika miaka ya 1740 mambo ya Paris yalichafuka. Wanaume wapasuaji walikuwa wanaingia kwa nguvu katika kazi ya kuzalisha, kwanza kwa matajiri. Wapasuaji hao walipoacha kuwapa wakunga masomo waliyostahili, wakunga waliandika malalamiko, na Bi du Coudray alikuwa miongoni mwao. Hawakuomba wapasuaji wafukuzwe. Walidai wanawake wafundishwe ipasavyo.

Baadaye aliondoka Paris akahamia Auvergne, eneo la milima na vijiji maskini katikati ya Ufaransa. Alikuwa mkunga wa mjini mwenye leseni na wateja, na huko alikutana na hali nyingine kabisa. Wanawake wa vijijini walizalishwa na jirani yeyote mwenye moyo wa kusaidia. Watoto waliotoka vibaya walivutwa kwa mkono au kwa mguu mpaka wakavunjika. Kina mama walichanika na kuishi na vilema maisha yao yote. Na waliofanya hayo walikuwa wanawake wema, waliotoka usiku kwa ajili ya jirani. Kilichokosekana ni mafunzo.

Mashine ya nguo na mifupa

Bi du Coudray aliamua kuwafundisha, na papo hapo akakutana na ukuta. Wanafunzi wake hawakujua kusoma. Akieleza kwa maneno mlango wa uzazi unavyofunguka, au namna ya kugeuza mtoto aliyelala kimshazari tumboni, maneno yalipita. Wasingeweza kuona kilicho ndani ya mwili, na hakuna mama mwenye uchungu anayekubali watu arubaini wamguse kwa zamu ili wajifunze.

Basi akatengeneza mwili. Aliuita mashine. Ulikuwa kiuno cha mwanamke chenye ukubwa wa kweli, kuanzia tumboni hadi mapajani, kilichoshonwa kwa nguo na ngozi na kujazwa pamba, na ndani yake mlikuwa na nyonga. Mashine moja ya namna hiyo imehifadhiwa mpaka leo kwenye jumba la makumbusho mjini Rouen. Ilipopigwa eksrei, ndani yake ilionekana nyonga ya mifupa halisi ya binadamu. Kulikuwa na kamba na mikanda ya kukaza na kulegeza, ili mwanafunzi ahisi njia inavyobana na kupanuka. Kulikuwa na sponji zilizotoa majimaji, mengine meupe na mengine mekundu, kuwakilisha chupa inapopasuka na damu inapotoka.

Kisha kulikuwa na mtoto. Alishonwa kwa nguo, akawekwa pua na masikio, na viungo vyake vilikunjika. Kitovu chake kiliungwa kwenye kondo la nyuma. Mdomo wake ulikuwa wazi, una ulimi, na vidole viliweza kuingia. Mtu asiye mkunga atadhani hilo ni pambo. Mtoto akitanguliza matako na kichwa kikabaki ndani, mkunga huweza kutumia vidole vyake usoni mwa mtoto ili kichwa kiiname na kitoke bila kuvutwa shingo. Mwalimu aliyeshona mdomo ule alijua ni wapi hasa watoto hupotelea, akahakikisha mkono wa mwanafunzi umepita hapo kabla ya siku yenyewe. Walikuwepo na pacha pia, na mtoto wa miezi saba.

Chuo cha wapasuaji cha Paris kilikagua mashine hiyo na kuikubali.

Amri ya mfalme

Mwaka 1759 Bi du Coudray alitoa kitabu chake cha ukunga, na mwaka huohuo Mfalme Louis wa Kumi na Tano alimpa hati ya kufundisha popote katika ufalme. Mfalme hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Ufaransa ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Saba, inashindwa baharini na nchi kavu, na wakubwa waliogopa kwamba watu wa nchi wanapungua. Mtoto aliyekufa mikononi mwa mkunga alihesabiwa kuwa askari na mlipa kodi aliyepotea. Serikali huanza kumjali mama mjamzito pale inapogundua faida yake, na hilo halijabadilika sana.

Vyovyote iwavyo, yeye aliichukua hati na kuifanyia kazi. Kuanzia 1760 mpaka 1783 alizunguka Ufaransa, mji baada ya mji, kwa magari ya farasi, na mashine zake kwenye masanduku. Alifundisha katika miji zaidi ya arubaini. Mwaka 1767 mfalme alimwekea malipo ya livre 8,000 kwa mwaka, fedha nyingi kwa mwanamke aliyefanya kazi kwa mikono yake.

Darasa lake lilichukua miezi miwili. Wanawake walitoka vijijini, wengine wakitumwa na kanisa lao au na mwenye ardhi, wakakusanyika mjini makumi kwa makumi. Walisoma asubuhi na mchana. Mwalimu alionyesha, kisha kila mmoja akaja mbele na kufanya mwenyewe, wenzake wakitazama. Mtoto aligeuzwa ndani ya mashine akawekwa vibaya kwa makusudi, na mwanafunzi akatakiwa amtambue kwa kupapasa na amtoe. Akikosea, hakuna aliyekufa. Anarudia. Mwisho wa miezi miwili, aliyeweza alipewa cheti na kurudi kwao.

Bi du Coudray alijua pia kwamba akiondoka mjini, elimu itaondoka naye. Kwa hiyo aliwataka wakuu wa kila eneo wanunue mashine ibaki pale, kwa livre 300 hivi, na aliwafundisha wapasuaji wa mahali hapo waendeleze darasa. Wanaume karibu 500 walipita kwake kwa njia hiyo. Inakadiriwa kwamba wanawake 4,000 walifundishwa na yeye mwenyewe, na wengine 6,000 na wale aliowafundisha. Mwaka 1769 alitoa tena kitabu chake, safari hii kikiwa na michoro ya rangi, ili asiyejua kusoma aweze kutazama.

Alikuwa na maadui. Wapo wapasuaji walioona aibu kufundishwa na mwanamke, na wapo waliosema kwamba kiuno cha nguo hakiwezi kufanana na mwili wenye uhai. Hoja hii ya pili ina ukweli ndani yake, na nitairudia.

Uzeeni aliishi Bordeaux, ambako kazi yake iliendelezwa na Bi Coutanceau, aliyemlea kama mpwa wake na kumrithisha ufundi. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, hati ya mfalme ikawa kitu cha kuhatarisha badala ya kulinda. Bi du Coudray alifariki Bordeaux mwezi Aprili 1794, katikati ya miezi ile ya watu kukatwa vichwa. Alikufa akiwa mzee, baada ya kuzalisha na kufundisha kwa zaidi ya miaka arubaini.

Swali ambalo hakuliuliza

Kipimo cha Bi du Coudray kilikuwa mwanafunzi anayesimama mbele yake na kutenda bila kukosea. Zama zake hazikwenda mbele zaidi ya hapo. Je, yule mwanamke aliporudi kijijini, saa nane za usiku, taa ikififia na mama akilia, alitenda kama alivyotenda darasani? Swali hilo lilingoja karne mbili na zaidi, na sehemu ya jibu imepatikana hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2006, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust, ambao makao yake ni Kilifi yetu, walifanya jaribio. Waliwachukua wahudumu wa afya na kuwagawa kwa kura. Ishirini na wanane walipewa mafunzo ya siku moja ya kumfufua mtoto mchanga asiyepumua, kwa mwanasesere. Hamsini na watano wakangojea zamu yao. Kisha watazamaji wakakaa wodini kwa wiki saba wakiandika kila kilichofanyika. Waliofundishwa walifanya hatua za mwanzo inavyotakiwa mara 66 katika kila 100. Wasiofundishwa, mara 27. Mambo ya kumdhuru mtoto nayo yalipungua kwa waliofundishwa. Hata hivyo, vifo havikuonekana kupungua katika muda huo mfupi.

Jaribio la pili lilikuwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja kwa mwanasesere wa kisasa. Miezi saba baadaye walijaribiwa tena. Kwenye mwanasesere walikuwa hodari kuliko mwanzo. Lakini wodini, kwa watoto wa kweli, watazamaji hawakuona mabadiliko. Wale waliosema kwamba nguo haifanani na mwili walikuwa wameshika kitu.

Watu wa Haydom hawakutupa mwanasesere. Walibadilisha namna ya kumtumia. Waliweka mazoezi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, palepale kwenye chumba cha kujifungulia. Mkunga anaingia zamu, anamshika mwanasesere, anambana mfuko wa hewa, anaendelea na kazi yake. Baada ya hapo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kwangu mimi hapo ndipo maisha ya Bi du Coudray yanapokamilika. Aligundua kwamba mkono hujifunza kwa kutenda na kurudia juu ya kitu kisichoumia. Haydom wameongeza kwamba kurudia huko hakuna siku ya kuhitimu, na kwamba mwenye kutoa hukumu juu ya mafunzo ni daftari la wodi.

Kabati lenye kufuli

Mwanasesere ninayemtumia na wanafunzi ni mjukuu wa yule wa Bi du Coudray. Hutengenezwa na kampuni iliyoanzishwa na Åsmund Lærdal wa Stavanger, Norway, mtu aliyekuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto kabla ya kutoa mwanasesere wa kufundishia kupumulisha watu mwaka 1960. Huyu wa kwangu ni mtoto mchanga, hujazwa maji awe na uzito wa kweli, na mwalimu akibonyeza kipira, kitovu kinapiga au mtoto analia. Nikiacha kubonyeza, mtoto yuko kimya, na mwanafunzi ana dakika moja. Akaushe, achangamshe, asafishe njia ya hewa ikihitajika, aanze kupumulisha. Huku Githongo asubuhi kuna baridi kali, na mtoto mbichi asiyekaushwa hupoteza joto haraka. Kwa hiyo naanzia kwenye taulo. Mwanafunzi anayeshika mfuko wa hewa kabla ya taulo anaanza upya.

Nimefanya kazi katika hospitali kadhaa kabla ya hapa. Katika moja yao, ambayo sitaitaja, tulikuwa na mwanasesere mzuri kuliko huyu. Aliletwa na wafadhili, akapigwa picha, akawekwa kabatini. Ufunguo ulikuwa wa msimamizi ambaye hayupo usiku wala Jumamosi. Watoto huzaliwa usiku na Jumamosi. Vyeti vya semina vilining'inia ukutani, na semina yenyewe ilifanyika hotelini siku moja, na chai na posho.

Nayaandika haya nikifikiria kwetu. Fikiria mkunga aliye zahanati ya kisiwani Lamu, au ndani ya Tana River mvua zikinyesha na barabara imekatika. Yuko peke yake. Hakuna daktari wa kuitwa, na mashua haiwezi kufika ndani ya dakika moja. Anachokuwa nacho ni mikono yake na alichokirudia. Mama zetu tunawahimiza waje hospitali badala ya kujifungulia nyumbani, na mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake ili waje. Wamekuja. Tunawadai uaminifu, na sisi tunadaiwa mikono iliyofundishwa.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Kaunti zetu za pwani zinapoletewa semina, viongozi wa afya waulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Mwanasesere atabaki wodini, au ataondoka na gari la wafadhili? Nani atasimamia mazoezi ya dakika tano kila wiki, jina lake? Na baada ya miezi sita, nani atafungua daftari la uzazi atuambie watoto wangapi walizaliwa bila kulia, na wangapi wakalia baadaye? Asiyeweza kujibu la tatu hajatufundisha kitu, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu.

Wazee wetu walionya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi naongeza kwamba tusiwaache pia bila mazoezi. Bi du Coudray alibeba mashine yake nchi nzima kwa miaka zaidi ya ishirini, kwenye barabara mbovu, ili mwanamke wa kijijini asijifunzie makosa juu ya mama wa mtu. Sisi tunaombwa tufungue kabati tu.